Wageni wa Mbali Kuliko Uganda

Huruma, Eldoret
12 Januari 2025

Senge mpendwa,

Mimi siamini kwamba kuna Mungu. Nimeliandika. Sijawahi kumwambia mtu yeyote, hata Jemutai ambaye tulikaa naye dawati moja miaka yote ya sekondari. Najua barua huanza na salamu, lakini nikianza na salamu nitaogopa nikikaribia hapa, nitakuandikia habari za mvua, kisha nitafunga bahasha.

Sasa salamu. Hujambo Senge? Joto la Turkana linakutendeaje? Sisi huku tu wazima. Baba bado anachomelea madirisha na milango kule kwenye karakana za jua kali. Mama amechaguliwa tena kuongoza kwaya ya akina mama, ingawa aliwaomba wampumzishe. Aliomba kwa mdomo tu, maana walipomchagua alikuwa tayari ameshona kitambaa kipya cha kichwa. Matokeo yangu ya kidato cha nne yametoka na nimepata B+. Mama alipiga vigelegele hadi mwenye nyumba akatoka na taulo akidhani kuna moto. Sasa nangoja kuitwa chuo.

Nakuandikia wewe kwa sababu Mama mwenyewe ndiye aliyenifundisha kwamba kuna mambo ambayo msichana hamwambii mama yake, humwambia senge, dada ya baba yake. Nadhani hakuwa na maana ya jambo kama hili. Tena wewe unapika katika kambi ya watu wanaochimba mifupa ya binadamu wa kale, na huko hakuna mtandao, kwa hivyo huwezi kuniweka kwenye lile kundi la familia.

Ilianza darasani. Mwalimu wetu wa Bayolojia ndiye aliyekuwa pia mlezi wa chama cha wanafunzi Wakristo. Alitufundisha mabadiliko ya viumbe vizuri sana, akachora mafuvu ubaoni kutoka dogo hadi kubwa, kisha akageuka akasema, "Haya ni ya kupita mtihani. Andikeni, pateni alama, halafu mkitoka myaache hapo mlangoni." Darasa zima lilicheka. Mimi niliandika, nikapata alama, nikafika mlangoni nikashindwa kuyaacha. Tangu siku hiyo, nikifumba macho wakati wa maombi, ni kama kupiga simu inayolia katika nyumba ambayo watu wamehama.

Senge, hiyo mifupa umeiona kwa macho yako? Na baada ya kuiona, wewe unaamini? Niambie ukweli. Mama anataka nianze kuongoza maombi ya vijana kabla sijaenda chuo. Sitaki kusimama pale mbele nikizungumza na mtu nisiyemsikia. Lakini nikimwambia Mama nitakuwa nimemvunja. Yeye huimba kwa ajili yetu. Hata akiosha sufuria anaimba kwa ajili yetu. Naogopa kwamba nikimwambia, ataacha kuimba, na itakuwa ni mimi.

Nampa Elphas wa lori la mboga barua hii. Ameahidi kuiweka mbele, mahali haitanuka vitunguu.

Ni mimi, mtoto wa kaka yako,
Nangila


Kambini, Turkana
3 Februari 2025

Nangila,

Mulembe. Barua yako imenuka vitunguu. Elphas ni mwongo, lakini lori analijua.

Mimi mzima. Mbuzi wa jirani amekula kitambaa changu cha vyombo, nikamlalamikia mwenyewe, akaniambia mbuzi wake ana tumbo nyeti na anaomba nisiache vitambaa vichafu nje. Kwa hivyo nimeomba msamaha kwa mbuzi. Hongera kwa B+. Mwambie baba yako kwamba akili hiyo imetoka upande wetu, kisha umwambie mulamwa wangu, mama yako, kwamba imetoka upande wake. Tusigombane.

Mifupa nimeiona. Wiki jana daktari mmoja, mwanamke mrefu anayevaa kofia kubwa kama ungo, alilala kifudifudi mchangani tangu asubuhi akifagia kwa brashi ndogo. Mara akapiga ukelele. Nikakimbia na mwiko nikidhani ni nyoka. Kumbe ni jino. Jino moja, Nangila, dogo kama punje ya mahindi! Watu wazima wenye digrii wakakumbatiana wakilia. Ugali wangu ukaungua na hakuna aliyelalamika. Waliponiruhusu nilitazame, wakasema mwenye jino alikufa kabla hakujakuwa na neno lolote la kumwita mtu. Mimi niliona tu kwamba limelika upande mmoja, kama la baba yako. Nikajiuliza alikuwa akitafuna nini kigumu hivyo, na ni nani aliyempikia.

Kukhu wako, mama yetu, alitufundisha kwamba watu wa kwanza ni Mwambu na Sela. Alipobatizwa akaambiwa hapana, ni Adamu na Hawa. Akasema, "Vizuri, basi walikuwa majirani." Sikumbuki akipoteza usingizi.

Mama yako usimwambie kwa simu. Wala usimwambie siku ya mazoezi ya kwaya. Mwambie akiwa anafanya kazi ya mikono, ili apate mahali pa kutazama.

Swali lako la mwisho nimeliona. Maharagwe yanachemka jikoni, naenda.

Senge Edinah


Huruma, Eldoret
2 Machi 2025

Senge mpendwa,

Salamu nyingi. Baba anakusalimu na anasema jino lake halijalika, ni umbo lake. Mama anauliza kama unapata maziwa. Jemutai ameanza kozi ya kompyuta mjini. Mvua imeanza kutishia, na nguo zinachukua siku mbili kukauka.

Hukunijibu. Nimesoma barua yako mara nyingi nikitafuta jibu kati ya maharagwe na mbuzi. Lakini sikasiriki leo kwa sababu nina habari njema kuhusu Mama.

Baba akirudi kutoka kazini huniachia simu yake kidogo, na mimi nimekuwa nikisoma kuhusu nyota. Senge, kila nyota ni jua. Na wataalamu wamegundua maelfu ya sayari zinazozunguka majua hayo mengine. Huenda mojawapo ina bahari, na ndani ya bahari kuna kitu kinachojiuliza kama kuna mwingine. Nikifikiri hivyo sijisikii mdogo. Najisikia kama mtu aliyeambiwa kwamba ana ndugu mahali fulani, ila hakuna anayejua kijiji.

Lakini kuna kitu kinachoniaibisha. Sina ushahidi wa viumbe hao pia. Mmoja asiyeonekana nimekataa kumwamini, kisha nakaa nje kila jioni nikingoja wengine wasioonekana. Nimejitetea hivi: hao sijasema wapo. Nimesema ningefurahi.

Basi juzi stima ilipotea mtaa mzima mara tu jua lilipozama, na nyota zikatoka nyingi. Mama alikuja kuanua nguo akanikuta nimesimama katikati ya kamba, nikitazama juu.

"Nangila, kila jioni uko hapa. Unangoja nini?"

Unajua mimi sijui kudanganya nikishtuliwa. Nikasema, "Nangoja wageni."

Mama aliweka beseni chini polepole kana kwamba limejaa mayai. "Wageni? Wageni gani?"

"Wa mbali."

"Mbali wapi? Sugoi?"

"Mbali zaidi, Mama."

"Kitale? Bungoma?"

"Zaidi."

"Usiniambie Uganda."

"Hata kupita Uganda."

Akashika kiuno. "Wele wange! Ni watu wa namna gani?"

"Hakuna anayejua bado. Labda hawafanani na sisi hata kidogo."

"Na lugha?"

"Itabidi tutafute njia ya kuelewana. Wengine wanasema tutaanza na hesabu."

"Hesabu!" Mama akasema kwa uchungu. "Hiyo haikosi. Kila mtu huanza na hesabu." Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Wamesema watakuja lini?"

"Hawajasema. Huenda hawajui hata kwamba tuko hapa."

"Hawajui? Lakini wewe unangoja."

"Natumaini tu, Mama."

Akanisogelea, akanishika mabega. "Nangila, niambie ukweli. Uko salama?"

"Niko salama kabisa. Na hata wakija, sidhani watatudhuru."

Senge, Mama alinikumbatia! Akasema, "Kama wanakuja kwa heshima, tutawapokea kwa heshima. Lakini chuo kwanza. Hilo nitawaambia usoni."

Mimi nilidhani atasema ni mambo ya shetani. Kumbe yuko tayari kuliko wanasayansi wenyewe. Nimeanza kufikiri kwamba huenda hata lile jambo jingine ataweza kulisikia.

Nijibu, tafadhali. Hata kwa mstari mmoja.

Nangila


Huruma, Eldoret
30 Machi 2025

Senge mpendwa,

Natumaini uko salama. Elphas amesema mvua imeharibu barabara na laga imejaa maji, na lori haliwezi kuvuka mto ambao Januari ulikuwa mchanga mtupu. Kwa hivyo sijui kama ulipata barua yangu au iko mahali fulani inasafiri na kabichi. Naandika hii iifuate.

Nyumbani ni wazima ila wamebadilika. Mama amenunua sahani mpya na kuziweka juu ya kabati, hazitumiwi. Baba ametengeneza benchi mbili za chuma, ndefu, zenye maua ya kukunjwa pembeni, na nikimuuliza ni za mteja gani anasema, "Za wateja," bila kunitazama. Jana aliniita nimshikie chuma, akazima mashine, akasema, "Baba yako si mtu mbaya, eh? Hata kama ni mtu wa wapi, sisi tutamsikiliza." Nikasema asante. Sikujua nashukuru nini.

Mama huniuliza maswali ya ajabu wakati wowote. "Hao watu wako hula kuku?" Nikamwambia hatujui hata kama wana midomo. Akanitazama kwa huruma sana, akaenda jikoni.

Na kuna jambo la Kipyego, kijana anayepiga kinanda kanisani kwetu. Mimi na yeye hatujawahi kuzungumza zaidi ya "habari" na "nzuri". Jumapili iliyopita, baada ya ibada, Mama alimpa chapati mbili zilizofungwa vizuri, akasimama kumtazama akila ya kwanza.

"Kijana, kwenu ni wapi hasa?"

"Cheptiret, Mama."

"Cheptiret hii hapa ya barabarani?"

"Ndiyo, Mama. Si mbali."

"Si mbali hata kidogo," Mama akasema, akamchukulia ile ya pili mkononi na kuondoka nayo. Kipyego alinitazama kama mtu aliyefeli mtihani ambao hakujua anaufanya.

Tena Mzee Mabonga wa ukoo wetu atakuja kutoka kijijini Jumamosi ya tarehe 26 Aprili, pamoja na wazee wengine. Hakuna anayeniambia ni kwa nini. Pengine ni kuniombea kabla ya chuo. Mama amesema baada ya siku hiyo atampa mchungaji jina langu kwa maombi ya vijana. Senge, sijui nitafanya nini. Kila siku anayonitendea wema ananifungia mlango wa kusema.

Nangila


Kambini, Turkana
10 Aprili 2025

Nangila, binti ya kaka yangu, mwenye B+,

Mulembe. Laga imepungua leo na Elphas amefika amechafuka kama kiboko. Amenipa barua zako mbili kwa pamoja, na ya tatu ambayo haikuandikwa, mama yako alimpa kwa mdomo. Elphas aliisema akiwa amesimama wima kama askari: "Mwambie Edinah, kwa kuwa yeye ndiye senge wa mtoto, ajitahidi afike tarehe ishirini na sita. Nangila ana wageni. Wanatoka ng'ambo ya Uganda, pengine Kongo. Mtoto hajui hata lugha yao, na inaonekana kijana ana kasoro fulani ya mdomo. Lakini tumeamua kutomdharau mtu."

Nilisoma barua yako ya mwanzo wa Machi baada ya kusikia hayo. Nangila, nilicheka hadi yule daktari wa jino akatoka hemani kunipima joto.

Mwanangu. Msichana aliyemaliza shule akisema "nangoja wageni," ni nani mwingine anayengojwa? Umekulia wapi? Mama yako ananunua sahani za posa! Kaka yangu amechomelea benchi za washenga! Na wewe unawaambia habari za midomo!

Mimi siwezi kufika, barabara bado ni matope. Na sitakudanganyia. Ingekuwa ni kijana, kazi yangu kama senge ingekuwa kukwambia ukweli wa wanaume. Kwa kuwa ni sayari, sina mafunzo. Mwambie mama yako kabla wazee hawajaketi.

Lakini naona unachokiogopa. Ukishasema ni nyota, atauliza kwa nini nyota. Naye si mjinga, atafika pale ulipo. Basi afike akiwa na wewe.

Unanidai jibu. Kila mchana kambini mimi huombea chakula. Hakuna aliyeniagiza, nilianza tu siku ya kwanza kwa mazoea. Wote huvua kofia, hata wale ambao najua hawaamini chochote kisichoweza kupimwa. Nilipougua malaria walikula siku hizo bila maombi, na daktari akaniambia baadaye chakula kilikuwa kama nyumba isiyo na mlango, hawakujua waingilie wapi. Ninaposema maneno yale, wakati mwingine nahisi kuna anayesikia. Wakati mwingine nasikia nzi tu. Maneno nayasema vilevile. Hilo ndilo jibu nililo nalo. Kama ni dogo, ujue ni la kweli.

Na kuhusu kungoja wasioonekana, usijione mjinga. Kila anayepika kabla lori halijafika anafanya hivyo.

Senge Edinah


Huruma, Eldoret
27 Aprili 2025

Senge mpendwa,

Salamu kwanza, leo zinastahili. Mama mzima, Baba mzima, Mzee Mabonga alirudi kijijini leo asubuhi akiwa ameshiba na anakusalimu. Mimi pia mzima, ingawa macho yamevimba.

Barua yako ilifika Ijumaa jioni, siku moja kabla ya wazee. Nilipoisoma nilitamani ardhi ipasuke. Niliwaza kukimbilia kwa Jemutai. Niliwaza hata kumwomba Kipyego ajifanye ametoka Kongo. Kisha nikakumbuka ulivyosema, mahali pa kutazama. Jumamosi asubuhi nilimkuta Mama nje ananyonyoa kuku, nikakaa karibu naye, nikamshika kuku miguu.

"Mama, hakuna kijana."

Mkono wake ulisimama. "Amebadilisha mawazo! Nilijua! Watu wa mbali ndio hivyo, wanakaa huko wakibadilisha mawazo tu!"

"Hajabadilisha, Mama. Hajawahi kuwepo."

"Hajawahi?"

"Wageni niliokuwa nawangoja ni wa kutoka sayari nyingine. Kule juu. Viumbe."

Mama alimtazama kuku kana kwamba kuku ndiye aliyesema.

"Sayari," akasema.

"Ndiyo."

"Na mimi nimenunua sahani."

"Najua. Samahani."

"Nangila, nimewaambia wazee kijana ana kasoro ya mdomo! Nimewaambia wasimtazame sana!" Halafu akaanza kucheka. Senge, hujawahi kumwona akicheka vile, manyoya yamemjaa kitambaani. Baba akachungulia kutoka ndani. "Kuna nini?" "Hakuna mkwe!" Mama akampigia kelele. "Tuna mtoto wa nyota!" Baba alisimama kidogo, akasema, "Afadhali," akarudi ndani, nikamsikia akipiga mluzi.

Ningeweza kuishia hapo. Nilitaka kuishia hapo. Lakini Mama alijifuta machozi, akanitazama, na kicheko kikaondoka taratibu.

"Lakini niambie," akasema. "Mtoto wangu mimi anatazama mbinguni kila jioni, akingoja watu wengine? Huko si tayari kuna mwenyewe?"

Nikashika miguu ya kuku kwa nguvu. "Mwenyewe simsikii, Mama. Nimejaribu. Nafikiri hayuko."

Aliniambia niende dukani nilete chumvi. Chumvi ilikuwepo, niliiona dirishani, lakini nilienda. Nilitembea polepole, na nikiwa njiani nilisikiliza kama anaimba. Hakuwa anaimba.

Niliporudi, kuku alikuwa vilevile, nusu na manyoya.

"Tangu lini?" akauliza.

"Kidato cha tatu."

"Na muda huu wote ulikuwa unafumba macho?"

"Nilikuwa nafumba."

"Kwa ajili ya nani?"

"Kwa ajili yako."

Akalia kidogo. Nami nikalia. Kisha akasema, "Umeniumiza. Usidhani kwa kuwa nilicheka haijaniuma. Lakini imeniuma zaidi kwamba ulikaa nayo peke yako katika nyumba ya vyumba viwili, mimi nikiwa upande huu wa pazia."

Tukanyonyoa. Baada ya muda mrefu akaniambia jambo ambalo sikulitegemea, bila kunitazama. Mwaka ule Kukhu wa upande wake alipofariki, Mama aliomba na hakusikia kitu. Si siku moja. Mwaka mzima. Aliimba kila Jumapili, kumbe ndani kulikuwa kimya.

"Kwaya walijua?" nikamuuliza.

"Kwaya!" Akang'oa unyoya kwa hasira. "Mwaka huohuo ndio walinichagua kiongozi mara ya kwanza. Walisema sauti yangu imeingiwa na Roho."

Nilicheka kabla sijajizuia. Naye akacheka.

"Halafu ikarudi?"

"Siku zingine. Siku zingine hapana. Sijui kama ni Yeye aliyerudi au ni mimi niliyezoea kuimba."

Nikamwambia hayo ni mawazo ya mtu mwenye mashaka. Akanielekezea kisu. "Usinisajili kwa chama chako." Kisha akatoa hukumu. Maombi ya vijana sitaongoza, kwa sababu hataki mtoto wake adanganye watu kwa kipaza sauti. Kanisani nitaendelea kwenda naye hadi nitakapoingia chuo, nikiwa macho wazi nikitaka, nimshikie kitabu cha nyimbo. Yeye ataniombea, na mimi sitabishana naye akiniombea. "Na hao wako wa nyota," akasema, "ukisikia habari zao, niambie mimi kabla ya majirani."

Senge, saa hiyohiyo wazee wakabisha hodi.

Tuliwapa viti, yaani benchi. Walikula katika sahani mpya. Walipomaliza, Mzee Mabonga akapangusa mdomo na kuuliza, kwa adabu, mbona wageni hawaonekani. Nikatazama sakafu. Mama akasimama, akiwa na kile kitambaa chake cha kwaya, akasema, "Wazee, wageni hawajafika. Wako mbali sana, na kwa kweli hatujui kama wameanza safari. Mtoto ataenda chuo. Wakija watatupata." Baba akakohoa. Hakuna neno hata moja la uongo, Senge. Nimelikagua.

"Basi tuwaombee," akasema Mzee Mabonga, na wote wakasimama. Unajua maombi yake yalivyo marefu. Aliomba hivi: "Bwana, tunawakumbuka wageni hawa popote walipo. Wewe uliyewaumba kwa namna yao, hatuwajui, nao hawatujui. Kama njia ni ndefu, uwafungulie. Kama wana hofu na sisi, uiondoe. Na sisi kama tuna hofu nao, uiondoe vilevile. Wakifika watukute tukiwa watu."

Sijui ni nani aliyekuwa akisikia. Lakini hayo ndiyo maneno hasa niliyokuwa nikitaka kusema kila jioni kati ya kamba za nguo, ila sikujua yasemwe kwa nani. Nilikuwa nimeacha macho wazi, kama tulivyokubaliana, na Mama pia alikuwa ameyaacha yake wazi, akinitazama. Wote wakasema Amina. Nikasema na mimi, na nilimaanisha.

Leo kanisani aliimba. Nilimshikia kitabu ingawa hakukitazama hata mara moja.

Senge, ile siri yangu ya Januari si siri tena, ukitaka waambie hata madaktari wako. Lakini hii ya Mama, ya mwaka ule wa ukimya, alinikanya nisimwambie mtu yeyote, na nimekwambia wewe kwa sababu msichana humwambia senge. Iishie hapo. Baba hajui. Elphas akikuona unacheka au unalia ukisoma hii, mwambie ni vitunguu. Na siku utakapokuja Eldoret, ukimkuta Mama anaosha sufuria na kuimba, wewe itikia tu. Usimtazame sana usoni, asije akajua kwamba unajua.

Nangila